Bwana Kijiti na Tangi la Tatu

Katika hadithi hii, wasikilizaji wapendwa, mjinga alikuwa marehemu mwenyewe. Wala hakuificha. Aliisimulia mwenyewe mpaka wiki iliyopita, alipotutoka akiwa na miaka sabini na minne.

Mtaani walimwita Bwana Kijiti. Kwa miaka ishirini na miwili alipima mafuta kwenye kituo cha petroli. Matangi manne yalikuwa yamefukiwa chini ya sakafu ya saruji. Kila asubuhi alifungua vifuniko, akatumbukiza kijiti kirefu chenye alama, akasoma kimo. Ncha ya kijiti aliipaka dawa inayogeuka nyekundu ikigusa maji. Kwenye matangi mengine dawa haikugeuka. Kwenye tangi la tatu, kila msimu wa mvua, ncha ilitoka nyekundu kama mdomo wa bibi harusi.

"Mvua imepenya kifuniko," akasema. Akayavuta maji kwa pampu ya mkono, akaziba kifuniko kwa lami, akaandika daftarini: *Tangi la tatu. Maji. Yametolewa.* Kisha akaenda kunywa chai, kifua mbele.

Mjane wake anacheka huku anafuta machozi: "Alinuka petroli hata siku ya harusi. Nilidhani nimeolewa na pikipiki."

Kituo kikafungwa. Pampu zikang'olewa. Matangi yakaachwa chini. Narudia: matangi yakaachwa chini.

Miaka minane baadaye shemeji yake, mdogo wa mkewe, akaja na malalamiko. Huyu ni dobi, na kisima chake kiko hatua hamsini tu kutoka pale. Mashuka ya wateja yananuka, akasema.

"Shemeji, ukipiga pasi weka ndoo ya mchanga karibu," Bwana Kijiti akamtania. "Utatulipukia!"

Dobi hakucheka. Wiki ile wateja kumi na mmoja walikuwa wamemkimbia. Akamshika mkono hadi kisimani, akateka ndoo, akamwekea puani. "Nusa, mtaalamu."

Utando wa rangirangi ulielea juu. Harufu ile aliijua kuliko ya nyumba yake. Kicheko kikamkauka.

"Ni tangi la tatu, limetoboka," akasema. "Miaka yote lilikuwa linaniita, nami nikaliziba mdomo."

Kuanzia hapo hakukaa. Alizunguka na chupa, kisima kwa kisima, visima thelathini na kimoja. Tisa vilinuka. Akazipanga chupa sandukuni, akaenda ofisi ya maji. Wakamwambia aje kesho. Akaenda. Aje kesho. Siku ya tatu akaenda na kigoda chake, akakaa mlangoni. "Kesho mliyoniambia ndiyo hii," akasema. "Nimeifuata mapema isinikimbie."

Ofisa akaitisha mkutano. Na leo, wasikilizaji wapendwa, matangi yote manne yameshafukuliwa. Udongo mweusi umebebwa kwa malori siku sita. Visima tisa bado vimefungwa, watu wanatumia bomba. Maji ya chini hayana haraka. Yaliyoharibika kwa miaka hayatengenei kwa mwezi. Bwana Kijiti alivipima kila Jumatatu hadi miguu ilipokataa. Sasa anavipima dobi, na chupa ni zile zile.

Tunampa pole mjane, wanawe, na shemeji yake. Mungu awatie nguvu. Nasi tuliobaki tujiulize: chini ya ua wetu kumefukiwa nini, na ni nani aliyekiona akakiandika tu daftarini?

Tuagane naye pale mkutanoni, maana ndipo alipotaka akumbukwe. Mwenye kituo alisimama na daftari la zamani mkononi. Akalisoma kwa sauti. "Tangi la tatu. Maji. Yametolewa. Mwandiko wako huu, Bwana Kijiti. Umeandika popote kwamba mafuta yalivuja? Tangi liliingiza maji tu. Basi!"

Bwana Kijiti aliinamisha kichwa. "Mwandiko ni wangu. Na ujinga ni wangu."

Mwenye kituo akatabasamu, akalifunga daftari. Ndipo dobi akainuka kule nyuma, mikono bado ina povu.

"Samahani, tajiri. Hilo tundu lililokuwa likiingiza maji, ni nani aliyelikataza kutoa mafuta?"