Miaka Sita ya Omena Niliyoifuta

Ndugu zangu, mchungaji ameniomba niongee kwa upole. Nitajaribu, ila siahidi. Nimeona kwenye ratiba kwamba nikishuka hapa anapanda kocha wa kazi, awafundishe vijana wa Oyugis namna ya kujiuza kwa waajiri. Yeye simjui, na sina ugomvi naye bado. Lakini mafundisho ya aina yake nayajua, na nikiyafuata nilimkana mama yangu mzazi mchana kweupe.

Mimi ni wa Kisegi. Kizazi changu ni kile ambacho wazazi waliuza ng'ombe ili mtu asome, kisha digrii ikakaa kwenye bahasha ya kaki mpaka bahasha yenyewe ikachanika. Msicheke, wengine wenu mko nayo hapo chini ya kiti. Nilipokosa kazi nilirudi nyumbani, nikafanya biashara ya omena, hawa dagaa wa ziwani, na mama miaka sita. Tulinunua ikiwa mbichi ufuoni, tukaianika kwenye nyavu, tukaigeuza, tukafukuza kuku, tukaipeleka sokoni. Nilikula vizuri, nilivaa vizuri, na niliona aibu kila siku.

Nikiwa na miaka thelathini na nne, rafiki yangu akaniambia kuna kocha Migori mjini anayewanoa watu wa rika letu kwa miezi mitatu. Nikahamia kwa huyo rafiki, nikajiandikisha. Kocha alikuwa na ukumbi juu ya duka la mabati na kiti cha kuzunguka. Alishika CV yangu kama mtu anayenusa maziwa ya jana.

"Hii omena toa," akasema.

"Sasa hiyo miaka sita nitaandika nini?"

"Andika mshauri wa biashara. Mwajiri hataki historia yako, dada. Anataka brandi yako."

Akatuambia pia tujitenge na watu wanaotuvuta chini. Na mimi, mtu mzima niliyesoma, nikaandika kwenye daftari: jitenge.

Siku moja mama alileta mzigo Migori, akaamua kunitafuta. Alinikuta nje ya ukumbi nimesimama na kocha na wenzangu, nimevaa koti la suti. Alikuwa na karai la omena kichwani. Akaita, "Nyathina!" Mnajua mama wa Kijaluo akiita mwanangu, mtaa mzima unageuka.

Kocha akaniuliza, "Unamjua huyu?"

Nikasema, "Ni mama mmoja wa sokoni, huwa anatuletea omena."

Mama hana Kiswahili kingi, lakini hicho alikielewa. Alinitazama usoni, akasema, "Pole, nimekufananisha," akaenda zake. Ndugu zangu, nilirudi ndani ya ukumbi nikaendelea na somo. Hilo ndilo jambo ninaloona haya kulisema mbele yenu, na nimelisema.

Mwezi uliofuata, kikundi kimoja cha wakaushaji samaki pale Kisegi kilitafuta msimamizi. Kocha akaipiga CV yangu pasi, nikaenda kuhojiwa. Katikati ya meza alikaa mama mmoja, mnunuzi wa siku nyingi kutoka Homa Bay. Akaniuliza, "Mvua imepiga omena iliyokauka nusu, na jua limerudi saa nane. Unafanya nini?"

Swali hilo naweza kulijibu nikiwa usingizini! Unaitandaza nyembamba. Huirundiki hata kidogo, maana ikirundikwa inapata joto na ikipata joto inaoza. Iliyoanza kunuka unaitenga, iende kwa chakula cha kuku. Lakini mshauri wa biashara wa Migori angeyajulia wapi hayo? Nikakaa wima, nikasema, "Nitaitisha kikao cha wadau."

Yule mama akaniangalia sana. "Si wewe nilikuwa nanunua kwako hapo chini, wewe na mama yako? Omena yenu haikuwa na mchanga. Nilikuwa napita wengine wote nije kwenu." Akainua ile karatasi. "Sasa huyu ni nani?"

Nikainamia koti langu la suti.

"Wewe tungekuchukua," akasema. "Huyu wa karatasi hatumjui."

Kazi ikapewa mwanamke aliyeishia kidato cha pili. Nilipompigia kocha, aliniambia sikujiamini vya kutosha. Sijamsamehe. Najua hapa ni kanisani. Mchungaji ananiombea kuhusu hilo, na aendelee. Lakini yale maneno ya nje ya ukumbi hakunitamkia yeye. Mdomo ulikuwa wangu.

Nilitoka pale kwenye mahojiano moja kwa moja hadi nyumbani. Mama alikuwa kwenye nyavu. Nikavua koti, nikachuchumaa upande wa pili, nikamwambia, "Mama, nilikukana." Akasema, "Geuza hiyo ya pembeni, bado ina maji." Nikageuza mpaka jioni huku nalia.

Kesho yake niliandika CV nyingine kwa mkono, omena juu kabisa, digrii chini yake, nikampelekea yule mama wa Homa Bay. Akaisoma yote. "Usimamizi ulishaenda," akasema. "Kugeuza ipo." Nikageuza mwaka mzima chini ya yule dada wa kidato cha pili. Leo nasimamia ghala lao la Migori.

Namshukuru yule mama aliyenikatalia. Namshukuru yule dada, ambaye hakunicheka hata siku moja ingawa sababu alikuwa nazo. Na nyinyi vijana, kocha akiwafundisha kupanga vizuri mliyoyafanya, msikilizeni. Akiwaambia myafute, inukeni mtoke, hata akiwa ni huyu wa leo.

Mama bado analeta mzigo Migori. Haingii ghalani. Anasimama ng'ambo ya barabara mpaka wateja waishe, na nimembembeleza nimechoka. Wiki iliyopita alimtuma mlinzi aje aniulize kama leo ninamjua. Nilitoka mbio mbele ya wateja wote, nikasimama katikati ya lami nikaita, "Mama!"

Akageuka nyuma, aone ni nani anayeitwa.