Glanmor Prosser, Aliyejibiwa Maswali na Mdogo Wake

Ndugu na majirani, mimi ni Idwal, mdogo wake marehemu. Nesta, mkewe, ameniomba niseme yote, na yangu nisiyafiche.

Glanmor alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 hapa Treorchy, mtoto wa kwanza wa Ivor na Blodwen. Alisoma hadi umri wa miaka kumi na mitano, kisha akamfuata baba kuchimba makaa ya mawe. Kila Jumamosi, kuanzia 1967 hadi 1983, alicheza raga. Akigongwa kichwa akazimia, mzee wa sponji, mhudumu wa timu, alimmwagia maji na kumuuliza, "Glan, matokeo ngapi?" Mimi nyuma yake nanong'ona, "Tisa kwa sita, sema tisa kwa sita!" Akisema, anarudishwa mchezoni, nasi tunashangilia. Tulidhani huko ndiko kupendana.

Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Nesta, wakajaliwa Carys na Hywel. Alikuwa mpole ajabu. Kwenye harusi ya Carys alilia mpaka bibi harusi akambembeleza yeye.

Mwaka 2009 alianza kubadilika. Alipotea njia ya nyumbani, akavunja sahani, akamtukana Nesta matusi mazito. Watu wakasema ni pombe. Mwaka 2013 nilimpeleka hospitali. Daktari akauliza huu ni mwezi gani, nami nikanong'ona. Kaka akafaulu. Jamani, nilimponza kaka yangu! Miaka mitatu ilipotea. Nesta akahamia kwa Carys, akaenda kwa wakili kudai talaka.

Mei 2016, Dk. Meleri Vaughan alinishtukia nikinong'ona tena.

"Bwana Idwal, mgonjwa ni huyu au wewe?"

"Huyu, daktari."

"Basi tupishe."

Peke yake, kaka hakuujua hata mwaka. Baada ya picha za ubongo na maswali mengi ya raga, daktari alimwita Nesta. "Mama, si ukorofi. Ubongo wake umeumizwa na mapigo ya miaka mingi. Hatutauponya, na uhakika kamili hupatikana mtu akishafariki. Ila hasira na usingizi tutavitibu."

Akampa dawa, akamkataza pombe, akampangia siku yake saa kwa saa. Nesta akarudi na sanduku lake. "Nimerudi," alisema, "lakini sahani ni za plastiki." Kaka akacheka sana.

Alifariki kwa nimonia tarehe 2 Februari 2022, saa nne asubuhi, mkono wake mkononi mwa Nesta. Ubongo wake aliusia wapewe watafiti, kwa hiari yake mwenyewe. Dk. Vaughan, ahsante. Hatuna cha kukulipa.

Ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mdogo mmoja mwenye kiherehere. Na ameacha mjane. Karatasi za talaka zilibakiza sahihi moja tu, ya Nesta. Hakuitia. Leo tunampa pole kama mke wa Glanmor.

Mungu akupumzishe kwa amani, kaka.