Sahihi Niliyompa Meja

Sogeeni, wanangu, na mlango muurudishe, maana pumzi niliyo nayo ni ya kusema mara moja tu, na sitaki majirani waulizwe kesho walisikia nini. Laker, msaidie mama yako akae hapa miguuni pangu. Opoka, simama hapo hapo ulipo, na hiyo kofia yako ya polisi iweke chini, sitaki kuitazama ninaposema. Mimi Okeny, baba yenu, naondoka, na ninaondoka na hasira. Msije mkawaambia watu matangani kwamba mzee alikufa kwa amani. Uongo huo siutaki.

Vitu vyangu ni vichache. Vyumba hivi viwili ni vya mama yenu Nasike, aliyeacha kwao Kenya akanifuata mimi Mwacholi nisiyejua neno la lugha yake, tukawalea ninyi nyote kwa Kiswahili cha kambini. Mtu wa ukoo wangu akishuka kutoka kaskazini kudai mjane arithiwe pamoja na kuta zake, mfukuzeni. Baiskeli ni ya Laker, aache kwenda kufundisha kwa miguu. Mkuki wa baba yangu ulikuwa wa Obwona, kifungua mimba wangu, na mnajua Obwona aliitwa kambini asubuhi moja mwaka wa sabini na mbili, sabuni ya kunyolea ikiwa bado shavuni, na hatukuletewa hata kiatu chake. Kwa hiyo sasa ungekuwa wako, Opoka. Lakini ngoja kwanza.

Uwanja. Miaka ishirini na mitatu nimekuwa mtunzaji wa uwanja ule ulio chini ya kilima cha Kibuli, nimefyeka nyasi zake, nimezibua mifereji yake kabla ya kila masika, na mawe yake manane ya mpaka nimeyapaka chokaa kwa mkono huu. Kwenye ramani ya mji umetiwa rangi ya kijani, na imeandikwa kwamba hapajengwi kitu. Wazungu waliondoka, ukabaki. Wahindi waliokuwa wakicheza kriketi pale walifukuzwa, ukabaki. Watu wa Kisenyi wanasali Idi pale, Maimunah anakaanga mandazi pale, wanawake wanaanika magodoro pale, na mvua ikishuka kilimani maji yote yanatua pale, yanatulia, yananywewa na nyasi. Uzibeni kwa saruji, muone maji yataingia chini ya kitanda cha nani! Cha Meja anayetaka kujenga pale? Meja analala Kololo, juu kilimani kwa wakubwa.

Na aliyeutoa uwanja ni mimi. Nyamaza, Laker, niache niseme. Mwezi wa pili Meja alikuja na makaratasi yake, mimi nimeinama ndani ya mfereji, akaita kwa nyuma, "Mtunzaji! Kuja hapa!" kwa sauti ile ile ya gwaride, na mimi niliyekaa miaka saba katika Keya, jeshi la Waingereza, niliyefundishwa kwa kiboko kwamba ofisa haulizwi, visigino vyangu viligongana vyenyewe, tope na yote. "Piga sahihi hapa, mzee, mambo kwisha." Nikasema ndiyo afande, nikapiga. Sikusoma! Mimi ninayejua kusoma! Laker ndiye aliyenisomea nakala jioni: kwamba mimi, mtunzaji, nashuhudia kuwa ardhi ile ni kichaka kitupu, haitumiwi na mtu yeyote, na inafaa nyumba ishirini za maofisa na watu wao. Naichukia miguu hii mpaka leo.

Likabandikwa tangazo: mwenye pingamizi alilete kwa maandishi ofisini kwa karani wa mji kabla ya saa sita mchana, Jumatatu, yaani kesho. Nilizunguka na karatasi nyumba arobaini, nikikohoa, na hakuna aliyetia hata kidole gumba. Omolo, fundi cherehani, nilimwita mwoga mbele ya watoto wake sita. Nendeni mkamwombe radhi kwa ajili yangu. Alinijibu polepole, "Mzee, mimi ni Mkenya. Wakinichukua, nani atauliza?" Na haki ilikuwa yake. Katika Kampala hii ya sasa, anayeweza kupiga sahihi bila kuogopa ni mtu anayekufa. Basi nimepiga. Barua iko chini ya mto huu, na nakala yake. Nimeiandika kwa mkono wangu, nimesema nilishuhudia uongo na ninaufuta, na nimeongeza kwamba wanangu walinikataza, ili wakija kuuliza muwe na la kujibu.

Opoka. Ulidhani sijui? Nyumba namba nne, katika zile ishirini, umeahidiwa wewe. Mkeo Jalia ameshachagua mapazia. Wanajeshi hao hao walimla kaka yako, na wewe unakwenda kulala kwenye nyumba wanayokugawia! Wiki nzima nilitaka kukulaani, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Mama yako ndiye aliyenizuia, akanikumbusha kwamba wanao wanne wanalala sakafuni kwenye chumba kimoja cha kotazi ya polisi, na hilo ni kweli, hilo nalo linanitia hasira. Lakini watoto wa Kisenyi nao wanalala sakafuni, na maji hayatawabishia hodi.

Kwa hiyo barua utaipeleka wewe. Laker akienda, askari wa getini atamrudisha. Polisi aliyebeba bahasha hakuna anayemuuliza, siku zote mnabeba bahasha. Karani agonge muhuri kwenye barua na kwenye nakala, nawe usome tarehe na saa kwa macho yako. Nyumba namba nne itakupotea hapo hapo, najua ninachokuomba. Ukirudi na nakala yenye muhuri, mkuki ni wako. Ukirudi mikono mitupu, mkuki umpe dada yako, na waseme watakavyo huko kwetu.

Nipeni maji... kidogo. Nilitaka kuwatemea mate ya baraka vifuani, kama baba yangu alivyonitemea, na mdomo umekauka. Nasike, nilowanishe midomo. Haya. Laker. Opoka, na wewe, sogea, usione haya. Mlale usingizi mzima. Mzae. Magari yapite mlangoni kwenu bila kusimama. Na Obwona mtajeni kwa jina lake, kwa sauti... msinong'one.

Sasa la mwisho. Nilimuuliza karani, akaniambia barua ya marehemu haipokelewi. Kwa hiyo nikikata roho leo, au alfajiri, mimi... mimi sijafa. Mnanisikia? Nasike, mama watoto, usipige yowe. Najua yowe lako, litafika Nateete. Pika uji wangu kama kila siku. Maimunah akipita, mwambieni mzee amelala. Redio iacheni iimbe. Nifumbeni macho, mnifunike mpaka shingoni, mkae. Mngojeni Opoka. Akiingia na muhuri... ndipo mlie. Lieni basi. Lieni mpaka Meja aulize... ni nani amekufa.