Shusha, Mwalimu

Ndugu zangu wa jumuiya, mniruhusu niongee nimekaa. Nikisimama mbele yenu mikono inataka kuongoza kwaya.

Wengi mnanijua. Shule niliiacha mapema, nikazunguka: Milepa nimelima, Sumbawanga mjini nimeendesha bodaboda. Kila nilipofika niliuliza watu mambo. Muziki niliupata hivyo hivyo, kwa kumuuliza mzee mmoja wa kwaya zile nota za do re mi mpaka akanichoka. Ndipo mkanipa kwaya ya kanisa hapa kigangoni.

Kinanda hatuna. Mwalimu anatoa do kwa mdomo, kila sauti inachukua pa kuanzia hapo. Na mimi, mnajua, naanza juu mno. Binti mmoja wa sauti ya pili alikuwa anasikia kabla ya wote. Ananong'ona, lakini kwa nguvu: "Shusha, mwalimu. Huko juu kuna baridi." Kwaya inacheka, nashusha, tunaimba.

Sijawahi kufundisha mtu wa namna ile. Nikimpa wimbo Jumamosi, Jumapili anauliza kwa nini sauti ya tatu inalia pale katikati. Maswali yangu mwenyewe, yamerudi kwa mdomo mwingine. Nikasema, huyu nitamwachia kwaya, nami niendelee kuzunguka.

Akaanza kuumwa kichwa, na homa. Akapelekwa hospitali mjini. Akarudishwa ndani ya sanduku.

Makaburini nikatoa do. Juu. Nikasubiri. Ndugu zangu, nawaambia, nilisubiri kweli, kama mjinga, aniambie nishushe. Hakuna aliyesema. Wanakwaya wakaingia hivyo hivyo, ubeti wa pili sauti ya kwanza ikakatika, nyingine zikafuata. Ikabaki sauti ya udongo. Tulimzika na nusu wimbo.

Nikaondoka bila kuaga, nikaenda Chala kubeba magunia ya mahindi. Wenzangu wakanitania, "Mwalimu wa kwaya, gunia halina nota, beba!" Nikabeba. Redio ikipiga wimbo, nahama. Jioni nakunywa mpaka masikio yazibe.

Mama wa yule binti akanifuata. Akashuka kwenye basi, akanikuta nimekalia gunia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unanuka pombe."

Nikasimama, nikampisha akae.

"Tunaenda kuweka msalaba kaburini. Ule wimbo haukuisha. Njoo uumalize."

"Mama, siwezi."

"Nani kakuuliza kama unaweza?"

Siku ya msalaba mlikuwepo. Nikatoa do, juu tena. Ndipo yule mama, ambaye hajawahi kuimba kwaya, akasema pale chini alipokaa: "Shusha, mwalimu." Ya baridi hakuyasema. Nikashusha. Tukaimba mpaka mwisho.

Asante, mama. Asanteni wanakwaya, mlionipokea bila kuniuliza nilikuwa wapi. Najua mnataka niseme nimepona. Sijapona. Pombe nimeacha, kwaya nafundisha, lakini kila Jumamosi natoa do, nasubiri kidogo, pako kimya, nashusha mwenyewe. Sidhani kama itakuja Jumamosi ambayo sitasubiri.

Nililojifunza ni dogo. Aliyefiwa msimwambie atasahau. Mrudishieni kazi aliyoiacha katikati, aimalize hata kama analia.

Nimefika mwisho. Wimbo wa kufunga, leo naomba aanzishe mtu mwingine.