Vijiti Kumi na Kimoja

Ndugu zangu mnaoanza chuo leo, amani iwe nanyi. Mtanivumilia nisome kwenye karatasi. Kusimama mbele ya watu kunanitetemesha, na maneno haya nimeyaandika kwa siku nne.

Niliishia darasa la sita. Nilipokuja hapa kujifunza useremala, kusoma tepu ya kupimia nilikuwa sijui. Tarakimu nilizijua, lakini ile nukta ya katikati ya namba za vipimo ilinishinda. Basi nikabuni ujanja. Kila kazi nilikwenda mwenyewe mahali itakapofungwa, nikakata kijiti cha urefu ule ule, nikarudi nacho karakanani. Vikafika vijiti kumi na kimoja, nimevificha ndani ya mkeka wangu uliokunjwa, na kazi yangu ilikaa sawa. Walimu walinisifu. Nawaambia, sifa zile zilinitia hofu kuliko matusi.

Siku moja tukapewa mlango wa nyumba mpya kule Masaka. Mwalimu akanipa karatasi tu: urefu wa fremu, mita 2.1. Nikaona aibu kuomba niende kupima. Nikakata mita mbili na sentimita moja.

Tulipoisimamisha, juu likabaki pengo la kupitisha mkono. Mwenzangu mmoja akaangua kicheko. "Sha, rafiki yangu, hapo juu umemwachia paka njia?" Mbao zilikuwa zimeharibika. Nikachukua mkeka wangu, nikaondoka. Nilikuwa nimeacha chuo.

Mwalimu akanikuta barabarani nikisubiri pikipiki. "Mwanangu, humo ndani umebeba nini?"

Nikamwonyesha vijiti. Kumtazama sikuweza. Akavigeuzageuza, akasema, "Aliyebuni hivi hawezi kushindwa na tepu. Kesho njoo navyo."

Kesho yake akavilaza mezani kimoja kimoja, kando ya tepu. Kijiti cha mlango wa jiko letu kilifika mita moja na sentimita tisini. "Sasa tazama ninavyoandika," akasema, akaandika 1.9. Ndugu zangu, hapo ndipo nukta iliponifungukia! Tisa ile ni sentimita tisini!

Darasa la hesabu za msingi lilikuwapo hapa chuoni, lakini katika chumba cha peke yake, na mlangoni pameandikwa "Wanafunzi Dhaifu." Halikuwa na mtu. Mimi nisiyesema, siku hiyo nikasema: "Mwalimu, nani ataingia pale wenzake wakimwona?"

Akacheka. Wiki iliyofuata darasa likahamia karakanani, saa moja asubuhi, kabla hatujashika randa, na kwa watu wote. Na yule wa paka? Alikuja kukaa kando yangu. Nukta ilikuwa imemshinda na yeye.

Namshukuru mwalimu aliyenifuata barabarani. Namshukuru na huyo mwenzangu, maana sasa tunafanya kazi pamoja. Nawe uliyeficha kijiti chako leo, usikimbie nacho. Kiweke mezani.

Nimalizie. Mlango wa ukumbi huu mliopitia asubuhi, fremu yake ni mita 2.1. Nimeikata mimi, kwa tepu. Mkitoka tazameni juu: paka hapiti.