Tundu Katika Mlango wa Behewa

Nisogezeni dirishani, wanangu, kisha kaeni, maana wategua mabomu wameshafunga njia ya shamba, na mimi mama yenu nataka mlipuko unikute nikisema. Msinihurumie leo. Moyo unanidunda kama wa bibi harusi!

Kabange, weka chini huo msumeno wa chuma, nimeuona ndani ya koti. Jana ulimwambia dada yako, "Yaya Kasanda, ile kitu ilikufa zamani, iko shaba tu mule ndani, naweza kuikata mbele ya bale bantu ba mabomu kufika." Naye akakujibu, "Kata, tutakuzika kwa vipande." Najua kuna kinjia nyuma ya kichuguu, na nyasi zinaficha mtu. Njoo, nishike mkono. Hivyo. Usiuachie.

Sikilizeni nyote. Lango letu ni mlango wa behewa, baba yenu Ambroise aliuomba relini baada ya vita, na tundu lake mlilichungulia mkiwa watoto. Kidole kimoja kinapita, cha pili hakipiti. Siku ile ya vita, behewa likiwa limesimama relini hapa jirani, askari walilifyatulia makombora mawili ya kuchomeka mdomoni mwa bunduki. Mjomba wenu Umba, aliyewahi kuyatumia jeshini, alinieleza jikoni kwa faneli yangu ya mafuta ya mawese. Risasi hulisukuma kombora, nalo huamka likiwa njiani, mbali kidogo na aliyelirusha. Ndani kuna faneli ya shaba, mdomo mpana ukitazama mbele, na baruti nyuma yake. Likigonga chuma, baruti huibana ile shaba mpaka ichomoke nyembamba kama sindano, kwa kasi isiyosemeka, na chuma huachia njia kama ugali mbele ya kidole. Ndiyo maana nje mnaona tundu dogo, na upande wa ndani chuma kimechanika. Waliokuwa ndani ya behewa lile hatukuwaosha. Hapakuwa na cha kuosha.

La pili lilipita juu, likaangukia tope la mvua kwenye kona ya shamba nililopewa na mama yangu. Tope ni laini, halikuligonga sawasawa. Lakini lilikuwa limeshaamka, Kabange! Halikufa. Limekaa miaka yote hii likingoja kitu kigumu: jembe, jiwe, meno ya msumeno. Na shaba unayoitaka ndiyo sindano yenyewe.

Mnanibana kidogo na huu mto... sawa. Kila kiangazi nilipaka chokaa mawe niliyozungushia kona ile, na majirani wakanicheka, wakisema Mama Marthe analima mawe. Wacheke! Leo kona inarudi. Nampa Kasanda, kwa kuwa alikuwa akinibebea chokaa bila kunung'unika. Apande karanga kwanza, udongo umepumzika, mtaona zitakavyobeba. Nyumba ni yenu wote, asiuze mmoja bila mwingine. Wewe Kabange nakupa lango. Usilipeleke kwa wanunuzi wa vyuma, wala usilizibe tundu. Wajukuu watakapokuuliza, waeleze kama nilivyokueleza, na faneli iko rafuni.

Nasikia filimbi. Mnaisikia? Wanawaondoa watu wa mwisho.

Pumzi inapungua... mkono wangu unalegea, mwanangu, usiutumie ulegevu huo. Wewe ndiye uukaze. Kaza. Bado kidogo...

Yesu wangu! Mmesikia? Hata sahani zimecheka! Kasanda, fungua lango, niuone moshi. Ah, mweupe. Unakwenda upande wa reli.

Kabange, lete na mkono wa pili. Nivipapase. Kimoja... na hiki... Vyote vipo. Mungu avibariki vidole hivi, vishike jembe, vishike watoto, vinifumbe macho taratibu.

Basi. Sasa naweza kukuachia.