Kiroba Nilichoshona Juu ya Inveta

Leo ni tarehe 14 Juni 2025, na ni miezi minane kamili tangu niondoke nyumbani Mpale.

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji cha Kwamsisi, Mama Mwaija kiongozi wa kikundi cha mashine ya kusaga, ndugu wageni waalikwa, na wewe Hiza uliyekaa nyuma kabisa: nawasalimu. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Yordani, au Baba Shida, kibarua wa mashine. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nitasema nilichoelewa.

Inveta, kama hii tunayoizindua leo, inachukua umeme wa sola na kuugeuza uendeshe mota. Ndani yake kuna swichi ndogo zinazojiwasha na kujizima bila kupumzika. Nilimuuliza fundi Evodia, aliyetutengenezea hii mpya kule Korogwe, kwa nini ile ya zamani ilikuwa ya moto kama pasi. Akaniuliza, "Baba Shida, pikipiki unabadili gia bila kushika klachi?"

"Labda niwe nimelewa."

"Basi ile ilifanya hivyo mara elfu ishirini kwa sekunde."

Hii mpya ameiongezea koili na kapasita. Hizo zinaishusha volteji kwenye swichi mpaka sifuri, ndipo swichi inajiwasha. Joto linabaki kidogo tu, linatokea kwenye bati la nyuma. Haina feni, haina matundu.

Matundu ndiyo yaliyonisimamisha hapa. Mnakumbuka mwezi wa tano ile ya zamani ilipoungua, mama zetu wakatembea na ndoo za mahindi wiki tatu? Tulikaa kikao, tukasema Hiza, mwendesha mashine wetu, ameizidishia mashine kazi, tukamnyang'anya ufunguo. Nani alinyoosha mkono wa kwanza? Mimi. Na nani alikuwa ameshona kiroba juu ya matundu ya feni, vumbi la unga lisiingie? Mimi pia. Nilidhani naitunza. Ilipoungua nilikibandua nikanyamaza, maana kibarua akikosea anafukuzwa.

Evodia alipofungua ile ya zamani alikuta nailoni imeyeyukia kwenye matundu. Hakupayuka. Aliniambia tu, "Hii mpya, Baba Shida, vumbi haliiwezi. Lakini Hiza je?"

Hiza, mdogo wangu, hukuunguza kitu. Mama Mwaija, naomba ufunguo umrudie leo, mbele ya hawa hawa waliomwona akinyang'anywa.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka hapa. Mkinifukuza, kesho nitakuwa Mpale. Mkinivumilia, nitakwenda nyumbani kusalimia tu Jumamosi ijayo, nikishamwonyesha Hiza namna ya kuiwasha.